Waliokaa Nyuma ya Kioo

Darasa letu lilikuwa la watu wazima waliozoea kusema, na tabu yote ilianzia hapo. Kila mmoja alikuwa ameshaingia nyumba za watu mpaka uani, ameamua ugomvi wa mawifi, amembeleza mtoto wa mwenzake mpaka akalala begani. Leo unaletwa chuoni, kwenye stashahada ya uzamili ya kazi za ustawi wa watoto na familia, unaambiwa somo la kwanza ni kunyamaza. Mimi mtu wa nyumba yenye watu. Mlango wangu haufungwi, na nikikaa kimya kidogo tu jirani anakuja kuuliza kama naumwa. Nilidhani nitapasuka.

Mazoezi tuliyafanyia kwenye vyumba viwili vilivyopakana. Kimoja kilikuwa cha familia: viti vya kitambaa cha kijani, zulia, kapu la midoli, simu ukutani, na kioo kikubwa. Ukikaa mle unajiona mwenyewe. Ukikaa chumba cha pili, chenye giza, kioo kilekile ni dirisha: unawaona wao, wao hawakuoni. Hakikuwa kitu cha kuwavizia watu. Familia ilionyeshwa vyumba vyote viwili kwanza, ikakubali, ndipo kikao kikaanza. Mwanafunzi mmoja anaendesha kikao, sisi wengine tunakaa gizani na Mwalimu, tukisikiliza kwa spika. Mwalimu akiona mambo yanakwenda upogo anapiga simu. Ile ya ukutani inalia, mwanafunzi anapokea, anaambiwa cha kufanya, anafanya. Hapo hakuna mjadala. Kwenye meza yetu kulikuwa pia na kitufe kirefu cha kusemea kwenye spika ya chumba cha familia, ila hicho hakikuguswa mpaka Mwalimu aseme.

Siku hiyo ilikuwa zamu ya mwenzetu tuliyemwita Kibwebwe, na kwake ilikuwa siku ya mtihani wa vitendo. Jina hilo tulimpa kwa sababu akishaamua jambo ni kama amejifunga nguo kiunoni, humtoi. Familia aliyoileta ilikuwa yake ya kazini kweli, na hapo ndipo palipokuwa pa moto. Fundi mmoja wa kuchomelea mageti, aliyefiwa na mke, alikuwa akimfungia binti yake wa darasa la pili chumbani anapokwenda kazini. Akimwachia chakula na televisheni. Siku moja moshi ukatoka dirishani, majirani wakavunja mlango, mtoto akatolewa mzima. Ofisi ya ustawi ikampeleka kwa shangazi yake, dada mkubwa wa fundi, mshonaji wa nguo mtaa wa pili.

Ingeishia hapo tungesema salama. Lakini shangazi aliutangazia mtaa kwamba mdogo wake aliondoka akaacha pasi inawaka, nusura ambanike mtoto wa watu. Fundi akasikia. Akamfuata mpaka kwenye cherehani yake, mbele ya wateja, akamtolea maneno ambayo hata mwenzetu tuliyemwita Redio alipoyasoma kwenye jalada aliguna. Tangu hapo hawakusemezana. Shangazi akaja ofisini akasema: "Nipeni mtoto moja kwa moja, na huyo asikanyage kwangu. La sivyo mchukueni, sitalea huku natukanwa mlangoni." Fundi naye: "Kuliko akae na mtu anayenitangaza, bora serikali imlee." Hasira hizo, lakini ziliandikwa. Mapendekezo ya mtoto kwenda makao ya watoto yalikuwa tayari kwa karani wa mahakama, hakimu angeyasoma asubuhi ya kesho yake. Wasipopatana leo, Bosi anahama. Bosi ndiye huyo mtoto, baba na shangazi walimwita hivyo wote wawili, na hilo ndilo jambo pekee walilokuwa bado wanakubaliana.

Basi wakaingia. Shangazi akageuza kiti chake kuelekea dirisha la nje. Fundi akakaa karibu na mlango, kofia magotini. Bosi akakaa kwenye zulia katikati na kapu la midoli, hagusi kitu.

"Mwambie huyo," shangazi akamwambia Kibwebwe, "mtoto ana kikohozi."

"Mwambie naye," fundi akasema, "mtoto wangu najua kikohozi chake."

"Mimi siyo posta," Kibwebwe akasema. "Yuko hapo, dada. Mwambie mwenyewe."

Kimya. Nilimwona Kibwebwe akikaza mikono mapajani asiseme neno lingine. Mwalimu, mwanamke mkavu wa miwani ambaye sijawahi kumwona akimaliza chai yake, akatikisa kichwa kidogo kuonyesha anaridhika.

Shangazi hakuweza kukaa na kile kimya. "Mwambie huyo kwamba mtoto wa kike ana mambo yake. Kichwa tu hawezi kumchana! Alikuwa ananiletea mtoto Jumamosi kichwa kama kiota cha kunguru."

Fundi akazungusha kofia yake.

Upande wetu kulikuwa na Redio. Redio ni ofisa wa ustawi wa wodi za watoto, mwenye moyo mzuri, lakini mdomo wake haujawahi kukosa betri. Alikuwa ameegemea meza, kikombe mkononi, kiwiko amekitupa tu.

"Muoneni baba wa watu," akaninong'oneza, na mnong'ono wa Redio unasikika mpaka geti la chuo. "Kakaa kama mgonjwa anayesubiri sindano. Huyu kweli atalea mtoto wa kike? Kuchana nywele tu kumemshinda! Na dada mtu naye mdomo cherehani, haukati uzi."

Nikacheka. Nani asingecheka? Halafu nikaona vichwa vyote vya mle ndani vimeinuka, vinatazama dari. Kibwebwe naye katazama dari. Mwalimu akageuka, akaona taa nyekundu ya kitufe inawaka chini ya kiwiko cha Redio, akauondoa mkono wake pale kama anayemtoa mtoto kwenye moto. Tulikuwa tumechelewa.

"Kioo kimeongea," Bosi akasema.

Shangazi alisimama. Nimeona watu wakisimama kwa hasira, ila yule alisimama na kiti.

"Nani huyo? Nasema nani huyo aliyesema mdogo wangu hawezi kulea? Mama wa huyu mtoto alipolazwa, nani alikuwa akikoroga uji alfajiri kabla ya kwenda kushika moto wa mageti? Wewe uliyejificha humo? Toka!"

"Na dada yangu aitwe mdomo cherehani?" Fundi naye kasimama. "Kwa kuwa amekubali kuja hapa?"

"Si umesikia?"

"Nimesikia, dada."

"Wanatuita hapa kutufanya sinema!"

"Twende zetu. Bosi, inuka."

Mwenzangu, ndugu waliokuwa wakipitisha kikohozi cha mtoto kwa mtu wa tatu, sasa wanajibizana kama wapiga ngoma wa kundi moja. Yale ya nywele shangazi alikuwa ameyasema yeye mwenyewe muda si mrefu, lakini yalikuwa yake kuyasema. Sisi watu baki tulitaka nini humo? Tabu ni kwamba umoja wao ulikuwa unaelekea mlangoni, na wakitoka, karatasi zilizoko kwa karani zinabaki kama zilivyo.

Kibwebwe aliwahi mlango. Hakuushika, alisimama tu mbele yake. Na simu ya ukutani ikalia.

Akapokea. Upande wetu tulimsikia Mwalimu akiongea taratibu: "Waombe radhi, funga kikao. Ni kosa letu, siyo lako. Tutakupangia siku nyingine, hutapoteza alama."

"Nimekusikia, Mwalimu," Kibwebwe akasema, akairudisha simu mahali pake.

Halafu akawageukia. "Dada, kaka, mmesemwa vibaya na mliowakaribisha wawasikilize. Nawaomba radhi, na aliyesema atawaomba mwenyewe. Mkitaka kuondoka, mlango ndio huu, sitawazuia. Ila kesho hakimu anasoma kwamba Bosi aende makao. Siku nyingine mimi sina ya kuwapa."

Fundi akakaza taya. "Sasa tukae ili tusemwe tena?"

"Ndiyo," Kibwebwe akasema. "Ila safari hii mkiwaona. Nyinyi watatu mwende kule nyuma mkae kwenye viti vyao. Wao waje hapa kwenye taa, wakae kwenye vyenu, waseme walichokiona kwenu, na nyinyi muwatazame machoni."

Shangazi akamwangalia juu mpaka chini. "Na nikitaka kumjibu mtu?"

"Kuna kitufe."

"Kiko wapi hicho kitufe?"

Simu ikaanza kulia tena. Kibwebwe akaiacha ilie. Ikakoma, ikaanza, ikakoma. Mwishowe Mwalimu akanyanyuka, akatoka, sisi tukamfuata kama vifaranga. Tukakutana nao ukumbini, sote, uso kwa uso, na Redio kajificha nyuma yangu na mwili wote ule.

"Huu ni mtihani," Mwalimu akamwambia Kibwebwe kwa sauti ya chini. "Simu imelia, hukupokea. Unajua maana yake?"

"Najua. Nikianguka nitarudia. Bosi hana marudio."

Mwalimu alivua miwani, akaifuta, akaivaa. Akamtazama mtoto, ambaye alikuwa anamtazama yeye. Halafu akaufungua mlango wa chumba cha giza akasema, "Karibuni. Angalieni waya hapo chini msijikwae."

Tukaingia sisi kwenye taa. Nikwambie, kukaa upande ule siyo mchezo. Unajiona kwenye kioo, jasho lako, namna ulivyokaa, na unajua nyuma yake kuna macho. Redio alikaa kwenye kiti cha fundi, na sasa yeye ndiye aliyekuwa kama mgonjwa anayesubiri sindano, ila sikuthubutu kumwambia.

"Mseme mlichokiona," Kibwebwe akatuambia. "Kejeli hapana. Na sifa za kupaka mafuta pia hapana."

Redio akasafisha koo. "Mimi ndiye niliyesema. Naomba radhi kwa baba, naomba radhi kwa dada. Nilimcheka baba kwa habari ya nywele, na mimi nina mabinti nyumbani, sijawahi kuwachana hata mara moja. Mama yao angekuwa hayupo, sijui wangekwendaje shule." Akanyamaza. Ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akiishia njiani.

Zamu yangu. Nikasema nilichokiona kweli: kwamba nimemwona dada akimtetea mdogo wake kabla hajakumbuka kwamba wamegombana, na mdogo naye hivyohivyo, na kwamba watu wasiopendana hawafanyi hivyo kwa haraka namna ile.

Mwalimu akasema, kama anajisemea, "Mimi nina swali tu. Katika hayo yote ya moshi, walimsikiliza baba, wakamsikiliza shangazi, wakawasikiliza majirani. Najiuliza nani alimsikiliza Bosi."

Spika ikakwaruza.

"Halo? Halo?"

"Acha kuchezea hicho!" ilikuwa sauti ya shangazi, kwa mbali.

"Mwache, dada. Mwache aseme."

"Shikamooni," Bosi akasema darini. Tukaitikia sote kwa pamoja tukitazama juu, watu wazima wazima. "Pasi niliiwasha mimi. Baba alikuwa ameizima. Nilitaka kunyoosha sare kwa sababu baba akirudi anakuwa amechoka. Halafu katuni ikaanza, nikaenda kuangalia. Halafu shangazi akasema ni baba, na baba naye akasema labda ni yeye, basi mimi nikanyamaza. Mkinipeleka makao ni sawa, lakini wasigombane."

Kitufe kikaachiwa. Taa ya spika ikazimika, tukabaki na sura zetu kwenye kioo.

Sikiliza, mimi ni mtu wa kujua kinachoendelea nyuma ya kila ukuta. Mtaani kwetu wananiita nithibitishe habari kabla haijatokea. Na pale, hatua chache tu kutoka kwangu, kulikuwa na jambo kubwa kuliko yote niliyowahi kuyasikia, na sikusikia hata chembe. Redio alifungua mdomo, Mwalimu akamwinulia kidole. Kibwebwe alikuwa amenyanyuka nusu kwenye kiti. Nilijua anataka kukimbilia kule, amkumbatie yule mtoto, amwambie siyo kosa lako. Ndiyo kazi tuliyoizoea, kuwahi. Akajirudisha chini pole pole.

"Ana watu wake mle," akasema. "Ngoja wamwambie wao."

Tulingoja. Chai ya Mwalimu ilikuwa imebaki kule. Kibwebwe hakuacha kutazama kioo.

Mlango ulipofunguliwa, fundi alikuwa amembeba Bosi, mtoto mkubwa miguu inaning'inia, na shangazi yuko nyuma ameshika viatu vya mtoto, mkono mmoja kimoja, mwingine kingine. Macho yamevimba wote. Hakuna aliyerudi kwenye kiti chake cha mwanzo. Tulijibana sote mle chumbani, wengine kwenye zulia, na moyo wangu ukatulia kwa kuona watu wamejaa.

Shangazi alimgeukia mdogo wake. Mwenyewe, bila posta. "Nilikuchafua kwa kitu ambacho hukufanya."

"Kumfungia nilimfungia, dada. Angekufa mle ndani, pasi awe ameiwasha yeyote. Hilo ni langu."

"Na matusi ya pale dukani?"

"Nitakuja kuyafuta palepale. Mbele ya wateja haohao."

"Uje siku kukiwa na watu."

"Nitakuja."

Mtu mwingine angepiga makofi hapo, akatoa leso, akafunga kikao. Kibwebwe alivuta kiti karibu.

"Vizuri. Sasa tuseme ni Jumatatu," akasema. "Shule imetoka. Bosi yuko na nani?"

"Kwangu, kwenye cherehani," shangazi akasema.

"Baba unatoka kazini jioni unampitia. Na siku geti la mtu halijakwisha?"

"Nampigia dada."

"Na dada hashiki simu?"

"Bosi analala hapohapo kwangu," shangazi akadakia. "Nisiposhika simu ndiyo kabisa asimtoe. Kitanda chake kipo."

"Kwa hiyo mlango wa nje kufungwa na mtoto ndani?"

"Haufungwi," fundi akasema.

"Hata dakika ya kwenda kununua sigara?"

"Naenda naye. Au naacha sigara."

"Acha sigara," Bosi akasema kutoka mapajani mwake.

Kibwebwe hakucheka, ingawa sisi tulicheka. Aliwauliza habari za kuugua, za likizo, za siku shangazi ana kazi ya maharusi na nyumba imejaa vitambaa. Kila walipojibu juu juu aliuliza tena, mpaka jibu likawa na mtu na mahali. Fundi aliwahi kumwambia, "Mama, wewe ungekuwa polisi," naye akajibu, "Mwanao atanishukuru," akaendelea. Akauliza pia nani atamfundisha Bosi kutumia pasi, na lini. Wakabishana hapo kidogo. Shangazi akashinda.

Walipomaliza, jua lilikuwa limeshuka nyuma ya jengo la maktaba. Mwalimu akamvuta Kibwebwe pembeni, nami nikajipitisha karibu, maana masikio yangu nayajua yanavyoteseka.

"Kikao hiki siwezi kukipitisha," Mwalimu akasema. "Ulikataa maelekezo mara mbili. Nikikupitisha wewe, kesho mwingine atakataa mahali ambapo mimi niko sahihi na yeye amekosea, na atakayeumia ni mtoto. Utarudia muhula ujao."

"Sawa, Mwalimu."

"Ningependa nikuongoze mimi mwenyewe utakaporudia."

"Sawa, Mwalimu. Sasa naomba kompyuta. Na mashine ya kuchapa, kama ina wino."

Alikaa pale pale kwenye ofisi ya Mwalimu, mimi nikimsomea tarehe na majina kutoka kwenye jalada, ndugu wale wawili wamesimama mabegani kwake kama wasimamizi wa mtihani, Redio kakaa sakafuni anachanwa nywele na Bosi kwa kitana cha mdoli. Kila sentensi Kibwebwe aliisoma kwa sauti.

"'Shangazi atamsaidia baba katika malezi,'" akasoma.

"Futa hiyo," shangazi akasema. "Jirani ndiye anayesaidia. Andika mimi nitamlea saa hizo, na nisipomlea niulizwe mimi."

Akafuta. Akaandika hivyo. Fundi akasaini, shangazi akasaini, na tukatoka mimi na Kibwebwe mbio, viatu mkononi, kuvuka barabara kwenda mahakamani.

Karani alikuwa anateremsha pazia la bati la dirisha lake.

"Mama, tumefunga. Njoo kesho."

"Kesho hakimu atakuwa ameshasoma. Kuna mapendekezo ya ofisi yangu humo, ya mtoto kupelekwa makao. Yatoe, uweke haya."

"Nimeshakwambia tumefunga."

Kibwebwe akaingiza mkono mpaka kwenye kiwiko chini ya lile bati, karatasi zikiwa zimeshikwa barabara.

"Hamjafunga," akasema. "Mkono wangu bado uko ndani."

Karani akautazama ule mkono. Akanitazama mimi. Nikamwambia, "Ndugu yangu, mimi ninamjua huyu. Vuta tu kiti ukae." Akashusha pumzi, akainua bati, akaenda kufungua kabati.